Uso wa Mchana

Kijiko kiligonga kisahani, kikanyamaza, kikagonga tena.

Nje kulikuwa bado kiza. Nililala nimefumba macho. Watu hudhani mzee akifumba macho, masikio nayo hulala. Waache wadhani hivyo, maana ndivyo sisi wazee tunavyopata habari za nyumbani.

"Ongeza ile nyekundu kidogo," binti yangu alinong'ona.

"Ikizidi nyekundu nitafanana na tofali, mama."

"Leo si siku ya utani. Inua kidevu."

Nikafungua jicho moja. Mjukuu wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya chumba, chini kabisa ya taa, na mama yake amemshika kidevu kama anayemnywesha mtoto dawa. Taa yenyewe ilikuwa inaumiza macho. Ile ya zamani iliungua jana jioni, binti yangu akakimbilia duka la jirani akanunua balbu nyingine ya bei rahisi, nyeupe kama maziwa. Kwenye kisahani kulikuwa na krimu tatu na poda mbili. Mjukuu wangu alizikoroga kwa kijiko cha chai, akajipaka kidogo mgongoni mwa mkono, akaangalia, akakoroga tena. Hivyo ndivyo asubuhi zilivyoanza katika nyumba yetu, siku za kazi na siku za mapumziko.

Alianza kupata mabaka meupe akiwa bado shule. Baka la kwanza lilikaa pembeni ya mdomo, dogo kama punje ya mchele. Likazunguka midomo. Likapanda kwenye kope, likashuka shingoni, likatembea kwenye vidole. Daktari alituambia hayaumi, hayaambukizi, hayaui. Daktari alisema hivyo mara moja, lakini watu walisema yao kila siku.

"Sasa sikiliza," binti yangu alisema huku akimpaka chini ya macho. "Shangazi ya mchumba wako akifika, unamsalimia, unakaa pale kwenye kona. Usinywe chai ya moto, utatoka jasho. Usinawe mikono mbele yao. Usitoke nje kwa sababu yoyote."

"Na nikitaka kwenda chooni?"

"Nenda sasa hivi."

Mjukuu wangu alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Mama, hadi lini?"

"Hadi uolewe."

"Na nikishaolewa?"

Binti yangu alichovya kidole kwenye kisahani. Alikuwa anapaka sikio.

"Nitalala nayo? Nitaamka kabla ya mume wangu kila siku, nije huku kwako unipake, halafu nirudi kitandani nijifanye nimelala?"

"Mungu ni mkubwa."

"Mungu ni mkubwa, mama, lakini kitanda ni kidogo."

Nilijikuta nacheka. Wote wawili wakageuka.

"Bibi, umeamka," mjukuu wangu alisema.

"Nimeamka mke mwenzangu. Mwambie mama yako anipake na mimi, mchumba wetu anakuja leo."

Binti yangu hakucheka. Nawaomba msimwone mbaya. Alifiwa na mume mtoto akiwa bado anatambaa, akamlea kwa kushona, na kila gauni alilomshonea lilikuwa na kola ndefu na mikono hadi kwenye viganja, kwa mshono safi ambao hata mimi niliyemfundisha kushika sindano siuwezi. Kabla ya huyu anayekuja leo, alikuwepo karani mmoja. Karani aliyajua mabaka, akasema hayamsumbui. Kisha dada zake wakaja kutusalimia. Mjukuu wangu, siku hizo bado na uso wake usiopakwa kitu, akawamiminia chai kwa mikono yake. Hakuna aliyegusa kikombe. Walizungumza vizuri, wakashukuru, wakaondoka, na vile vikombe vikabaki mezani vimejaa, chai imeganda utando juu. Karani hakurudi. Binti yangu aliviangalia vikombe vile hadi giza likaingia, na kesho yake ndipo aliponunua krimu ya kwanza. Mwezi haukuisha, tukahamia mtaa huu ambako hakuna aliyetujua.

Alitaka kumfichia mtoto aibu. Akamfichia na jua.

*

Huyu wa sasa tunamwita Brashi. Ni mpaka rangi za nyumba, na popote aendapo brashi moja imechomoza kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, hata siku akivaa suti nadhani itakuwepo. Walikutana kwenye duka la rangi anakofanya kazi mjukuu wangu. Pale dukani humwita Bi Rangi. Kazi yake ni kuchanganya. Mteja akileta kipande cha lipu, au kitambaa cha pazia, au hata jani, yeye hupima, hukoroga, na ndoo ikifunguliwa utadhani jani lile lilitoka humo.

Aliniambia siku ya kwanza Brashi alileta kipande cha lipu kilichobanduka kwenye ukuta wa mama mmoja mzee. Nyumba nzima ilikuwa imefifia, na yule mama hakutaka rangi mpya, alitaka ileile aliyopaka na marehemu mumewe.

"Rangi hii imekufa," mjukuu wangu alimwambia. "Haitengenezwi tena."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Nimeambiwa unafufua."

Akaifufua. Kisha akamwambia anachomwambia kila mteja: "Usiikubali hapa ndani. Rangi ya chini ya taa si rangi ya mchana. Toka nayo mlangoni uitazame juani, ndipo uniambie."

Brashi akatoka, akaitazama, akarudi anatabasamu. Juma lililofuata akaja tena. Na lililofuata. Mara kopo dogo la rangi ya mlango, mara msasa, mara hana anachonunua, anauliza tu bei.

"Ana tabia ya ajabu, bibi," mjukuu wangu aliniambia siku moja tunachambua mboga. "Hasimami kaunta kama wengine. Anasimama mlangoni, ananizibia mwanga."

"Labda anapenda upepo."

"Labda."

Alisema hivyo huku ameinamisha kichwa, na mboga aliyokuwa akiichambua alikuwa ameshaichambua mara ya pili. Nikajua.

Kwa hiyo alikuwa na mambo mawili ya kuogopa: Brashi asijue, na Brashi asiache kuja. Dukani hakukumbatia mtu, hakufuta jasho, mvua ikinyesha alisubiri hadi ikatike. Brashi alimwalika matembezi jioni, akasema ana kazi. Alimwalika kula chakula, akasema ameshiba. Siku aliyomtamkia kwamba anataka kumleta shangazi yake nyumbani, mjukuu wangu alirudi akalia, na machozi yakamchorea mifereji mashavuni. Mama yake alifurahi na kuogopa kwa pamoja. Hakuwahi kusema "mwambie." Alisema, "Tutajiandaa."

*

Walifika jua limeshapanda. Binti yangu alikuwa amefunga mapazia yote ya sebule na kuwasha taa.

"Hodi humu ndani."

"Karibuni, karibuni."

Shangazi yake Brashi ni mpishi mkuu wa shule ya bweni. Ndiye aliyemlea Brashi baada ya mama yake kufariki. Ana mwili wa kutosha na sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto kutoka ng'ambo ya masufuria. Alinipa shikamoo kwa adabu, akashika mkono wangu kwa mikono miwili, kisha akasimama katikati ya sebule akiangaza.

"Mbona giza hivi? Mna mgonjwa?"

"Jua linachubua makochi, dada," binti yangu alisema.

"Acha yachubuke. Sisi hatukuja kuposa makochi."

Tukacheka. Brashi akaja kwangu, akainama.

"Shikamoo, bibi."

"Sikuitikii. Tangu lini mume anampa mkewe shikamoo?"

"Samahani, mke wangu. Nimekuja kukuchukua."

"Na huyu kule kwenye kona?"

"Yule atakufulia."

Mjukuu wangu alicheka kule alikoketi. Brashi aligeuka kumtazama, na jinsi alivyomtazama, mimi mwenye umri huu niliangalia chini. Kuna macho yanayotazama kama yanapima, na kuna macho yanayotazama kama mtu aliyefika kwake akakuta mlango haujafungwa. Haya yalikuwa ya pili.

Chai ikamiminwa na binti yangu mwenyewe. Biskuti zikazungushwa. Shangazi akaeleza alivyomlea Brashi, jinsi mvulana huyo alivyompaka ng'ombe wa jirani chokaa akiwa mdogo, na fimbo aliyopata. Akauliza ukoo, tukamwambia. Akauliza kazi, akaambiwa.

"Na wewe mwenyewe mbona huongei?" alimwambia mjukuu wangu. "Nimesikia unachanganya rangi mpaka wanaume wanakuja kukaa dukani bure."

"Wanakuja kununua, shangazi."

"Huyu wangu ana misasa ya kutosha kulainisha dunia nzima. Njoo karibu nikuone."

"Yuko sawa pale," binti yangu alidakia. "Ana mafua kidogo."

"Mafua hayanitishi, nalisha watoto mia kila siku." Shangazi aliinuka. "Ila macho yangu ni ya mpishi. Bila mwanga sijui kipi kimeiva." Akafika dirishani, na kabla binti yangu hajaweka birika chini, pazia likavutwa.

Jua likaingia sebuleni lote kwa mara moja.

Niliona uso wa mjukuu wangu. Ulikuwa na rangi ya jivu. Shingoni, pale krimu ilipokutana na ngozi yake, palikuwa na mstari kama wa kiraka kilichokatwa kwenye kitambaa kingine. Yeye hakuwa na kioo, lakini alimtazama mama yake, akakiona kila kitu machoni pa mama. Akayashusha macho kwenye mikono yake. Akaigeuza taratibu juani, na nikaona fundi ndani yake anaelewa kosa lilipotoka. Ile balbu mpya. Kila mteja yeye humwambia atoke mlangoni. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa hawezi kutoka.

Brashi alikuwa wa kwanza kusogea. Aliinuka akasimama kati ya dirisha na mjukuu wangu, eti anafuata biskuti. Kivuli chake kikamfunika.

Kisha mjukuu wangu akasema, kwa sauti ya chini sana:

"Brashi, kaa."

"Nachukua biskuti."

"Biskuti zilikuwa mbele yako tangu ulipokuja. Kaa."

Hakukaa. Alishika biskuti bila kuila.

"Unajua," mjukuu wangu alisema.

"Najua nini?"

"Usinifanye mtoto mdogo. Pale dukani unasimama mlangoni, unanizibia jua. Unajua. Tangu lini?"

Brashi alirudisha biskuti kwenye sahani, pole pole, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Tangu siku ya lipu," alisema. "Nilipotoka na rangi nikarudi, ulinisogelea kuangalia. Mimi ni mpaka rangi. Niliona."

"Tangu siku ya kwanza."

"Ndiyo."

"Na ukanyamaza."

"Nilidhani utaniambia ukitaka."

"Mimi mvua ikinyesha nakwama dukani, Brashi. Nakataa chakula chako nikiwa na njaa. Usiku nahesabu maneno niliyokwambia, naogopa kama nimekusogelea sana. Na wewe muda wote huo unajua, umekaa kimya, unanitazama nikihangaika."

"Sikuwa nakutazama ukihangaika. Nilikuwa nakulinda."

"Na mama ananilinda. Kila mtu ananilinda. Nimelindwa mpaka sina pa kupumulia."

"Jamani," shangazi alisema, "mbona mimi sielewi? Kuna nini?"

"Ni mafua tu, dada, amepauka," binti yangu alisema haraka. "Funga pazia, nitakuletea chai nyingine."

"Si mafua, shangazi." Mjukuu wangu alisimama. "Naomba dakika moja. Naenda kunawa."

Binti yangu alimtangulia. Alifika kwenye mlango wa uani, akashika miimo yote miwili, mikono imetanda. Sijawahi kumwona mwanangu hivyo. Alionekana kama mtu anayezuia maji kwa viganja.

"Majirani wako nje," alisema.

"Najua."

"Mama mwenye nyumba anaanika nguo. Kesho mtaa mzima utakuwa unalisema hili. Utajuta, mwanangu."

"Mama, najuta kila alfajiri."

"Nimekufanyia haya yote kwa ajili yako."

"Najua, mama. Ndiyo maana sikuweza kukwambia imetosha. Nipishe."

Binti yangu hakusogea. Akanitazama mimi. "Mama, mwambie. Wewe hukuviona vile vikombe."

"Niliviona," nilimwambia. "Niliviosha mimi. Chai ilimwagika, vikombe vikawa safi. Wewe ndiye ambaye hujavitoa mezani mpaka leo. Mpishe mtoto."

Mkono wake mmoja ukashuka. Mmoja tu. Mjukuu wangu akainama akapita chini ya ule mwingine.

Nilisogea dirishani kwa fimbo yangu. Uani jua lilikuwa kali. Mama mwenye nyumba alikuwa kwenye kamba, shati bichi mkononi linadondosha maji. Mjukuu wangu alikwenda hadi bombani, akainama, akafungua. Alijisugua uso kwa sabuni ya kufulia, hakukuwa na nyingine. Akasugua shingo. Akakunja mikono ya lile gauni, akasugua vidole kimoja kimoja. Maji yaliyokwenda mferejini yalikuwa ya kahawia. Alikaa ameinama muda mrefu baada ya kumaliza, na sikujua kama atainuka.

Akainuka. Akageuka, uso wake wote ukiwa mbele ya mama mwenye nyumba: midomo myeupe, kope nyeupe, shavu lenye ramani yake, vidole vya rangi mbili.

"Shikamoo," alisema.

Shati lilikuwa bado linadondosha maji. Mama mwenye nyumba alimtazama. Sijui ni mengi kiasi gani yalipita kichwani mwake. Kisha akasema, "Marahaba, mwanangu. Eh, leo maji yanatoka kwa nguvu?"

"Yanatoka vizuri."

"Basi nikimaliza na mimi nijaze ndoo." Akaanika shati lake.

Kila nikimkumbuka mama yule namwombea heri.

*

Alirudi ndani na maji yakimtiririka hadi kolani. Brashi alisimama. Shangazi naye alikuwa amesimama, mkono kifuani.

"Kumbe ni mbalanga," shangazi alisema.

"Ndiyo, shangazi. Tangu nikiwa msichana mdogo."

"Na mlikuwa mnatuficha."

"Tulikuwa tunawaficha. Nakuomba radhi kwa hilo. Kwa mabaka siombi radhi."

Shangazi alikaa kwa uzito, kochi likalalamika. "Mimi sina ubaya nawe, binti. Lakini huyu nimemlea mimi. Nitamwambia nini baba yake mkubwa? Na hao watoto mtakaozaa je?"

"Daktari alisema wanaweza kupata, na wanaweza wasipate. Sitakudanganya tena leo." Aliifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Lakini wakipata, sitawaamsha alfajiri."

Nyuma yangu nilisikia mlango wa chumbani unafungwa, taratibu, bila kishindo. Binti yangu alikuwa ameingia ndani. Mjukuu wangu aliusikia. Alifumba macho kidogo, kama mtu aliyekanyaga mwiba akiwa amebeba mzigo, kisha akayafungua.

"Shangazi," Brashi alisema, "mimi namuoa hivyo hivyo alivyo."

"Hivyo hivyo," mjukuu wangu alirudia. "Kama ukuta wenye ufa, unaona haya kumwambia mwenye nyumba, unapaka tu."

"Sina maana hiyo."

"Una maana gani?"

Brashi alikuna kichwa. Alikuwa mtu wa maneno mepesi, na sasa mepesi yote yalikuwa yamekwisha. "Nina maana kwamba lile juma la pili sikurudi dukani kwa ajili ya rangi. Siku ya lipu ulimtumia yule mama mzee ujumbe kupitia kwangu, asipake ukuta mara ya pili kabla ya kuukagua mchana, asije akalia peke yake. Hukumjua, lakini ukamfikiria. Nikasema, mtu wa hivi nataka awe nyumbani kwangu. Uso niliuona, ndiyo. Sikujua niseme nini, nikasimama mlangoni. Nilikosea kunyamaza. Sikukosea kusimama."

Nilidhani atamwendea. Nilikuwa tayari kujifanya nimelala.

Lakini alibaki pale pale.

"Leo siposwi, Brashi."

"Kwa nini? Sasa hakuna siri."

"Nisikilize. Unajua natamani nini sasa hivi, saa hii ninapoongea na wewe? Natamani kukimbilia chumbani nipake tena. Mikono inaniwasha kwa kutamani. Nimeuosha uso huu sasa hivi tu, bado haujakauka. Tangu krimu ya kwanza, mimi mwenyewe sijakaa nao hata siku moja nzima. Kazini sijaenda nao. Sokoni sijaenda nao. Sasa wewe ukimuoa mtu wa namna hiyo, unaoa nani? Nitahama kutoka mikononi mwa mama nije nyuma ya mgongo wako, na mgongo wako mpana, nitajificha vizuri sana. Nitakushukuru kila siku kwa kunikubali. Sitaki kuishi nikishukuru."

"Kwa hiyo unanikataa."

"Nasema leo siposwi."

"Tofauti yake ni nini?"

"Sijui bado. Nikiijua nitakwambia kwanza wewe."

Brashi alikaa. Aliichomoa brashi yake mfukoni, akaigeuzageuza mikononi. Sijawahi kuona mwanamume mkubwa ameshika kitu kwa unyonge hivyo.

Shangazi ndiye aliyeinuka. Alichukua mkoba, akajitengeneza nguo. Nilijua wanaondoka, na nilijua atakayoyasema kwa baba mkubwa. Lakini alipopita mbele ya mjukuu wangu alisimama, akamkazia macho, akafungua mkoba, akatoa leso.

"Geuka."

"Nini, shangazi?"

"Geuka, umeacha hapa nyuma ya sikio."

Akamshika bega, akalowesha leso kwenye shingo ya mjukuu wangu iliyokuwa bado ina maji, akamfuta nyuma ya sikio lile alilopakwa alfajiri. Alisugua kwa nguvu, kama anayesugua sufuria, hadi pakatoka. Vidole vyake vilimgusa baka na havikuruka.

"Sijasema ndiyo," shangazi alisema akikunja leso.

"Nimesikia, shangazi."

"Nimesema tu umeacha." Akaniaga kwa mikono miwili, kama alivyokuja, akatangulia nje.

Brashi alikuja kwangu. Nilimwekea mkono kichwani. Kisha akaelekea mlango wa mbele, na mjukuu wangu akamfuata. Alifika kizingitini akakwama. Mbele yake kulikuwa na mtaa mzima: fundi viatu, wanawake wawili wenye vikapu, mwanamume mmoja anasukuma baiskeli. Mwenye baiskeli aligeuza shingo, akatazama, akazidi kutazama hadi gurudumu likagonga jiwe. Niliona mkono wa mjukuu wangu unapanda kufunika mdomo. Ulifika nusu ya njia. Ukasimama hapo, hewani. Kisha akaushusha, akaushikilia kwa mkono mwingine ili usipande tena.

Kutoka chumbani, mama yake alikohoa. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango, anasikiliza.

"Basi mimi nakwenda," Brashi alisema akiwa ameshashuka ngazi. Hakugeuka vizuri. "Nisikusumbue."

"Brashi."

Akasimama.

"Jumapili una kazi?"

"Sina."

"Usije na shangazi. Usije na posa, wala usije na maneno ya kunifariji, hayo ninayo ya kutosha humu ndani." Alivuta pumzi, nikasikia jinsi ilivyomgharimu. "Njoo mchana, mwanga ukiwa mwingi. Sijui kama nitakufungulia mwenyewe, au nitamtuma bibi akwambie sipo. Siahidi. Lakini njoo. Nikikukatalia, njoo na Jumapili nyingine."